Northumberland: likizo ambayo bahari ndo inapanga ratiba

Watu wakisema wanaenda likizo Uingereza ujue ni London, na akijitahidi sana atafika Manchester kuona uwanja wa mpira. Sisi mwezi wa saba mi na wife tukasema twende juu kabisa, Northumberland, kaunti ya mwisho kabla hujaingia Uskoti, ina kilomita za mraba elfu tano hivi na watu wenyewe ni laki tatu na ushee tu, yaani barabarani unakutana na kondoo kuliko binadamu. Na kule ukipanga siku yako bila kuangalia maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, umekwisha.

Chukulia Holy Island, au Lindisfarne kwa jina la zamani. Kuna barabara ya lami kabisa inaenda mpaka kisiwani, ila mara mbili kwa siku bahari inakuja inaifunika yote, halafu inarudi zake kama hakuna kilichotokea. Halmashauri inatoa jedwali la saa salama za kuvuka, na pale mwanzoni wameweka bango lenye picha ya gari imezama maji, kukukumbusha kwamba unaweza ukawa wewe. Katikati kuna kibanda juu ya nguzo ndefu, unapanda ngazi ukijihifadhi huku gari yako inaoga. Na pamoja na yote hayo bado watu wananasa tu kila mwaka, ubishi jamani!

Wageni wengi wanaingia asubuhi wanatoka kabla maji hayajajaa. Msifanye hivyo, laleni kisiwani. Barabara ikishafungwa kijiji kinabaki na wenyewe, wako kama mia na hamsini tu, na jioni ukikaa upande wa mchanga unasikia sili, wale wanyama wa baharini, wanalia kwa mbali, sauti ndefu ya huzuni, wife akadhani kuna msiba nyumba ya jirani. Kitu kingine kilichonichekesha ni mabanda yao ya kuwekea nyavu, ni mashua za zamani za kuvulia samaki wa heringi, zimegeuzwa juu chini zikapakwa lami, halafu mtu kaweka mlango na kufuli kwenye mashua!

Historia ipo ya kutosha. Mtawa Aidan alikuja hapa mwaka 635 kutoka Iona, kisiwa cha Uskoti, kaitwa na mfalme Oswald, akaanzisha monasteri. Mwaka 793 Waviking, wale maharamia wa Skandinavia, wakaivamia, na magofu unayoyaona sasa ni ya kanisa lililojengwa baadaye sana. Ile Injili maarufu yenye michoro iliyoandikwa hapa ukitaka kuiona inabidi urudi London, ipo British Library, na kwa kweli hilo liliniudhi.

Bamburgh ngome yake ni kubwa mno, imekaa juu ya mwamba inaangalia ufukwe, ila mi kilichonishika ni kajumba kadogo ka makumbusho ya Grace Darling, kuingia bure. Huyu dada alikuwa binti wa mlinzi wa mnara wa taa wa Longstone, huko visiwa vya Farne. Septemba 1838 meli ya Forfarshire ikagonga mwamba usiku wa dhoruba, yeye ana miaka 22, akapiga makasia na baba yake kwenda kuokoa watu, tisa wakapona. Mashua yenyewe ipo pale ndani, nimesimama pembeni yake nikaangalia mbao zile, we acha tu, mi nisingevuka nayo hata mto. Alifariki 1842 kwa kifua kikuu, miaka 26, kazikwa hapo hapo kijijini.

Boti za kwenda visiwa vya Farne zinatokea Seahouses. Ukitaka kuona pafini, wale ndege wenye mdomo wa rangi rangi, usichelewe, mwisho wa Julai wanaanza kuondoka. Na vaa kofia ngumu kidogo, kuna ndege wanaitwa buabua wa Aktiki wanaosafiri mpaka huko Antaktika na kurudi, ukipita karibu na makinda yao wanakudonoa kichwani na hawana utani.

Craster tulienda kwa ajili ya heringi wa kukaushwa kwa moshi wa mwaloni, mtamu, nguo zinanuka siku nzima. Kutoka hapo unatembea kando ya bahari kama kilomita mbili hivi unafika magofu ya Dunstanburgh, njiani ni ng'ombe na upepo tu. Ukuta wa Hadrian, ule wa Warumi wa kale, tuliupitia haraka kwa sababu mvua ilitukataa. Alnwick kuna ngome iliyotumika kwenye filamu za Harry Potter, kwa hiyo kuna foleni ya watoto wanaompenda, kama huna mtoto iruke, hiyo siku iongeze kisiwani, ila vyumba kule ni vichache, weka nafasi mapema na beba jaketi hata kama ni Julai.