Pipa Silitaki Tena: Ninavyookota Taka Kibokoni

Kila ninapoulizwa namna nilivyodumu na kazi ya kuokota taka katika kichochoro chetu cha Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, huanza kwa kumwonya muulizaji asimsikilize mtu atakayemshauri atangulize pipa. Mimi nilishauriwa hivyo na jirani mwenye elimu kubwa na kanzu nyeupe, ambaye sijapata kumwona akiinama kuokota hata ganda la ndizi.

Tulichanga, likanunuliwa pipa la bati kwa shilingi elfu mbili na kitu, tukalisimamisha penye kona. Siku za mwanzo lilipendeza. Kisha habari zikaenea, na watu wa vichochoro vingine, ambao hapo awali walikuwa na haya ya kututupia taka mlangoni, wakaona sasa wamepewa ruhusa. Zikaja nepi, yakaja matumbo ya samaki, na nyuma yake wakaja paka na kunguru. Asiyewajua kunguru wa Mombasa hayajui mateso: walichopoa nepi pipani, wakaruka nazo hadi mapaani, wakazidondosha katika nyua za watu, nami ndiye niliyeitwa kuziondoa, kwa kuwa "pipa ni lako, ami." Hatimaye pipa lenyewe likaibwa usiku, bila shaka likauzwa chuma chakavu, lakini taka hazikukoma, watu waliendelea kumwaga pale pale, juu ya duara la kutu lililobaki chini.

Dawa ilikuwa bao. Niliwaomba wazee wanaocheza kila siku baada ya isha, saa ambayo wamwagaji nao walikuwa wakijitokeza, wahamishie mchezo wao penye kona ile, nikawapelekea mkeka na birika la kahawa kwa gharama yangu. Kona ilitakata, kwani hakuna kijana wa mtaani atakayethubutu kumwaga taka mbele ya wazee wanaomjua hadi nyanya yake.

Kuokota kwenyewe si jambo kubwa. Nikitoka kuswali alfajiri napita na gunia na koleo refu la makaa, ambalo mke wangu alinipa kwa sharti kwamba lisirudi jikoni kamwe. Wazee hao hao walinicheka sana mwanzoni, wakitaka kujua kama kaunti imeniajiri na mshahara unatoka lini. Msimu wa kusi sihangaiki kuzunguka kote, kwa sababu upepo hukusanya karatasi na vifuko vya barafu upande mmoja wa kichochoro, na kaskazi ikiingia rundo huhamia upande wa pili. Kabla ya masika hushughulikia mtaro kwanza, maana kinachoingia humo huishia baharini. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kinachouziba zaidi mtaro wetu ni chupa.

Chupa hizo nilikuwa nikizitenga na kumpa kijana wa mkokoteni anayeziuza kwa kilo. Siku hizi yeye hunitangulia alfajiri na kuzimaliza kabla sijafika, jambo lililonikera kwa muda, mpaka nilipokumbuka kwamba chupa zenyewe sizitaki.