Kijana hapotei mwaka wa tatu, hupotea wiki ya nne

Kila mahafali ya chuo kikuu yakifika Tunguu, hapa Unguja, wazee waliokaa chini ya mahema huzitazama safu za majoho na kuuliza: wanaume wako wapi? Majibu hayakosekani. Wavivu, simu, maskani, pwani na wageni. Kwa maoni yangu majibu hayo yanakipa chuo ruhusa ya kukaa kitako. Marekani suali kama hili limeulizwa miaka mingi kuhusu vijana Weusi wa kiume, na vyuo vilivyopiga hatua ni vile vilivyoshika orodha na kumfuatilia mwanafunzi mmoja mmoja.

Hali ya kule si ndogo. Kati ya vijana Weusi wa kiume walioanza digrii ya miaka minne mwaka 2010, baada ya miaka sita waliohitimu walikuwa takriban asilimia 34. Wanawake Weusi asilimia 44. Huko Georgia, vyuo vikuu vya umma viliona wanawake Weusi wamewazidi wanaume kwa mbali, na mwaka 2002 vikaanzisha African American Male Initiative, mpango wa kuwaongezea ujuzi wa kusoma, huduma za chuoni, walezi na mafunzo ya uongozi. Sababu za kule ni za kule: ubaguzi wa rangi, na skuli za mitaa iliyonyimwa fedha kwa vizazi. Hizo huwezi kuzihamishia Micheweni, Pemba. Namna ya kufanya kazi ndiyo inayohamishika.

Nianze na pesa. Tukisikia neno msaada tunafikiria ufadhili wa miaka yote mitatu, kisha tunasema uwezo hatuna. Georgia State University, pale Atlanta, iligundua kwamba kila muhula inafuta usajili wa wanafunzi zaidi ya elfu moja kwa sababu ya ada, na wengi wao walipungukiwa na kiasi kidogo tu. Mwaka 2011 ikaanza kuziba mapengo hayo. Ofisi yenyewe inapitia madeni, inamtafuta mwenye alama nzuri anayekaribia kumaliza, na kumwekea kilichopungua, wastani wa dola 900 hivi, moja kwa moja kwenye hesabu yake ya ada. Mwanafunzi hatakiwi kuandika barua ya kuomba. Hapo ndipo penye akili, kwa sababu kijana wa kiume huondoka kimya kimya kabla hajakubali kuomba.

Kwetu pengo hujitokeza mapema. Jina halikutoka kwenye orodha ya mwanzo ya mkopo, usajili haujakamilika, jina halimo kwenye mfumo, alama za majaribio hazina pa kuingizwa, na siku ya mtihani anazuiwa mlangoni. Mfuko mdogo unatosha kuanzia, ila uwe na masharti ya kazi: fedha ziende kwenye ada na zisipite mkononi (zikipita zitaishia kwa mwenye chumba), uamuzi utoke ndani ya siku tatu, na asaini mtu mmoja. Kamati ya watu saba itakutana mitihani ikiwa imeshapita.

Pesa peke yake haitoshi. Ushahidi mzito zaidi ninaoujua ni wa ASAP (Accelerated Study in Associate Programs), mpango wa vyuo vya City University of New York ulioanza 2007. Huu si wa Weusi wala wa wanaume pekee. Ni wa wanafunzi wa kipato cha chini, na waliopimwa walikuwa wale waliohitaji masomo ya kujazia. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaingia kwenye mpango, wengine wakabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, waliohitimu walikuwa asilimia 40 ya walioingia kwenye mpango, kwa 22 ya waliobaki. Mshauri mmoja alibeba wanafunzi 60 hadi 80, wakati washauri wa kawaida hapo hapo walibeba 600 hadi 1,500. Vitabu vilikuwa bure, na kadi ya usafiri wa mjini ilitolewa kila mwezi kwa sharti la kushiriki. Gharama kwa kila mwanafunzi ilipanda, lakini gharama kwa kila aliyehitimu ilishuka. Hesabu hiyo mkuu wa fedha yeyote anaielewa.

Sasa wiki ya nne. Mpaka hapo kijana wa mwaka wa kwanza ameshapata chumba au nafasi ya dahalia na ameshazijua gari za kutoka Darajani. Jaribio la kwanza bado, kwa hiyo hakuna alama ya kumshitaki. Chukua somo moja tu, lile ambalo idara nzima inajua ndilo linaloangusha watu: takwimu, hesabu, uhasibu wa mwanzo. Chukua karatasi za mahudhurio za wiki tatu. Aliyekosa vipindi vitatu anapigiwa simu siku hiyo hiyo. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi. Atajibu "sawa mwalimu" na yakaishia hapo. Mpigie baada ya Isha, wakati ametulia. Usimuulize mbona haji darasani, maana atakwambia alikuwa na homa. Muulize analala wapi, anakula wapi, anafanya kazi wapi. Mara nyingi jibu la tatu ndilo linalofungua mengine.

Akija ofisini, mfanyie hesabu kwa kalamu. Majaribio na kazi za darasani zina alama 40, mtihani wa mwisho 60. Aliyekosa jaribio moja na kuvuruga jingine ataingia mtihani na 9. Kama kufaulu ni 40, anahitaji 31 kati ya 60, zaidi ya nusu, kwenye somo ambalo hakulihudhuria. Vijana wengi wana imani ya kukaza mwishoni, na namba hii huwaingia kuliko nasaha za saa nzima. Asipoisikia, atapata supu, yaani mtihani wa marudio. Supu hufanywa likizo ndefu, na wakati huo yuko hotelini Paje anahudumia meza au Pemba juu ya mkarafuu. Ratiba ikibandikwa ubaoni Tunguu haioni. Haji, anakeri somo (analibeba hadi mwaka unaofuata), na ya pili ikifuata anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Ukiliuliza darasa utaambiwa aliacha mwenyewe.

Kazi za hoteli usizipige marufuku. Msimu wa wageni wa Disemba hadi Februari unaangukia ndani ya muhula wa kwanza, na kwa baadhi ya familia mshahara ule ndio unaolisha nyumba. Mpango ukimlazimisha kuchagua, atachagua mshahara. Linalosaidia ni tarehe zote za majaribio kutolewa wiki ya kwanza, kwa karatasi yenye muhuri, ili aombe zamu zake mapema. Msimamizi wa hoteli anaweza kubadilisha zamu akijua wiki tatu kabla. Akiambiwa jana, hawezi.

Ulezi wa wakubwa kwa wadogo ndio unaopendwa na kila mtu, na ndio unaokufa haraka zaidi. Majina hupangwa ofisini, fulana zinachapishwa, mgeni rasmi anahutubia, na kufika Disemba kaka mlezi hata namba ya simu ya mdogo wake hana. Mpe kila mlezi wadogo watano wa kozi yake mwenyewe, saa moja ya kila wiki isiyohama na pahala pasipohama, na posho kidogo inayolipwa baada ya kuleta taarifa. Kijana aliyetoka Wete apewe mlezi aliyewahi kutoka Pemba na kupanga Unguja. Ya chumba na boti hayafundishwi na mhadhiri.

Na tahadhari na aibu. Kundi ukiliita la wanafunzi dhaifu, hawaji. Meyerhoff, mpango uliozaliwa Baltimore mwaka 1988 kwa vijana Weusi wa kiume wa sayansi, ulifanya kinyume: kusoma kwa kikundi ni jambo la walio bora, wanaanza pamoja kwa wiki sita za kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza, na familia zinashirikishwa. Wanawake waliingia 1990, na 1996 ukafunguliwa kwa rangi zote. Nasi mlango uwe ni dalili zenyewe: mahudhurio, deni, jaribio lililokoswa. Watakaoingia wengi watakuwa wavulana, na msichana mwenye dalili hizo asiachwe nje.

Kila muhula andika mambo matatu: wangapi wamesajiliwa tena, wangapi wamelipita lile somo gumu bila ya supu, na wangapi wa kozi hiyo hiyo walilipita mwaka uliotangulia, kabla ya mpango. Idadi ya waliohudhuria semina si kipimo; hao waandikwe kwenye karatasi ya chakula cha mchana.