Mradi wangu wa kusamehe, Shaabani hadi Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani

Shaabani. Ramadhani inakaribia, na kuna mtu wa ukoo wetu nikisikia jina lake tu kifua kinabana. Alichukua mtaji wangu wa duka, hakurudisha, kisha akanisema vibaya kwa jamaa. Utaratibu niliojiwekea: baada ya witri, swala ya mwisho ya usiku, nabaki kwenye mswala, simu iko chumba kingine, nafanya muhasaba, yaani najihesabu nafsi yangu. Leo nimemuwazaje? Na mimi nahitaji kusamehewa nini?

Ni kazi nzito. Nikitulia tu, akili inafungua kesi upya, mimi shahidi, mimi hakimu.

Kilichonisogeza ni Suratun Nur, aya ya 22. Naisoma tangu chuo cha Kurani, ila safari hii nimekaa na kisa chake. Mistah bin Uthatha alikuwa jamaa wa Abubakar Siddiq, sahaba wa Mtume, maskini, Muhajiri aliyehama Makka kwenda Madina, mpiganaji wa vita vya Badri, na akila kwa mkono wa Abubakar. Akashiriki kumzulia uzinzi Bi Aisha, mke wa Mtume na binti wa huyo huyo anayemlisha! Abubakar akaapa hatampa kitu tena. Ndipo aya ikashuka na swali: hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni? Akajibu kwamba anapenda, akamrudishia Mistah matumizi yake. Hapo ndipo ninaporudi kila usiku. Baba aliyechafuliwa mwanawe, na jibu lake lilikuwa kutoa.

Ramadhani. Sasa namwombea kwa jina: afya, riziki, wanawe. Ulimi ulikuwa mzito, umelegea kidogo. Namfikiria na madeni mengine anayoyakimbia, jinsi anavyopita njia za nyuma asikutane na watu, na huruma inakuja bila kuilazimisha. Katika kumi la mwisho nimeshikilia dua ambayo Mtume (s.a.w.) alimfundisha Bi Aisha, ya kumwomba msamaha Mwenye kupenda kusamehe. Na aliyefundishwa ndiye yule yule aliyezuliwa. Inanitikisa kila nikiisoma.

Mfunguo Mosi. Wanawe nimewapa mkono wa Idi, yeye nimempa salamu, akaitikia. Deni silichanganyi na haya. Al-Baqara aya ya 280 inataka mdaiwa mwenye dhiki angojwe mpaka afarijike, na inasema kulifanya sadaka ni bora zaidi. Nimefika kwenye kungoja. Kwenye sadaka bado sijafika. Mfunguo Pili nitakwenda kwake nimuulize hali ya kazi yake, fedha nisiitaje.