Daftari la Kiangazi

Ndoo ilikuwa ya bluu, ya plastiki, kama zile tunazochotea maji kwetu Tanga. Niliiweka mwenyewe kando ya baiskeli ya vipimo, asubuhi moja ya Septemba 2017, nikijua itatumiwa na vijana. Vijana huja na papara. Wanamaliza nguvu zote mwanzoni, na wakifika sekunde ya 25 tumbo linagoma. Haikunipitia akilini kwamba wa kwanza kuikumbatia ndoo ile angekuwa Mzee.

Nitamwita hivyo, Mzee, ingawa alikuwa na miaka 34. Katika hoki ya barafuni umri huo ni alasiri. Alikuwa beki wa kushoto, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Mimi nilikuwa na miaka 27, msaidizi wa kocha wa viungo katika timu moja ya ligi ya AHL, kwenye mji mmoja wa Marekani ulio kando ya Maziwa Makuu ya huko. AHL iko ngazi moja chini ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Hapo ndipo vijana wanaposubiri kuitwa juu, na ndipo wakongwe wanaposhushwa wakianza kuchelewa kukifikia kile kisahani cheusi kinachogombaniwa kwa magongo.

Mzee ndiye aliyenipokea. Januari yangu ya kwanza pale nilikuwa natembea kwenye theluji na raba, naye hakusema kitu. Kesho yake nikakuta kwenye meza yangu buti za baridi, mpya, saizi yangu. Baadaye alinishika kiwiko na kunifundisha kusimama barafuni, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kutembea. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyonifunga mdomo.

Anayejua mpira wa miguu peke yake anaweza kushangaa mchezo wenyewe ulivyo. Mchezaji wa hoki ya barafuni hakai uwanjani dakika nyingi mfululizo. Anaingia, anakimbia kama anayefukuzwa na mbwa kwa sekunde 45 hivi, anatoka, anakaa benchi anahema, zamu yake ikifika anaingia tena. Hivyo hivyo kwa vipindi vitatu vya dakika 20. Kwa hiyo pumzi anayoitaka ni ya kujichoma kisha kurudi haraka, zamu baada ya zamu, na mwili usipotunzwa miezi mitatu minne pumzi hiyo inapungua. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kambi huwa tunawapandisha kwenye baiskeli kwa kipimo cha Wingate: sekunde 30, nguvu zote, gurudumu likizuiwa kwa uzito unaolingana na asilimia 7.5 ya uzito wa mchezaji. Kipimo hicho hakijali jina la mtu.

Shida ni kiangazi. (Kiangazi cha huko ni Juni hadi Agosti, wakati kwetu kuna kipupwe.) Msimu wa AHL unaisha Aprili kama timu haikuingia mtoano, na kambi inafunguliwa Septemba. Katikati hapo wachezaji wanatawanyika: huyu Saskatchewan shambani kwa baba yake, yule Uswidi, mwingine Minnesota. Mkataba wa kawaida wa NHL unamtaka mchezaji aripoti kambini akiwa na hali nzuri ya mwili. Lakini klabu haina mamlaka ya kumwamuru aje jimu mwezi Julai. Kiangazi ni chake. Tunachoweza ni kumpa programu, kumpa daftari, na kumpigia simu. Simu zile zilikuwa kazi yangu, kila Jumatatu, majina 23.

Bosi wangu, kocha mkuu wa viungo, alikuwa Mkanada aliyekuwa bado mwanafunzi wa shule mwaka 1972. Kila mwaka kabla hajanikabidhi orodha ya simu alinisimulia habari ile ile. Zamani wachezaji walikuja kambini Septemba kupunguza tumbo. Ndiyo kazi ya kambi ilikuwa hiyo. Kiangazi walikunywa bia, walivua samaki, wengine waliuza bima au walifanya vibarua kwa sababu mishahara haikutosha. Kisha wakaja Wasovieti, watu waliofanya mazoezi karibu mwaka mzima chini ya mfumo uliojengwa na kocha wao Anatoly Tarasov. Septemba 2, 1972, mjini Montreal, Kanada iliongoza mabao mawili dakika za mwanzo. Mechi ikaisha 7–3, Wasovieti wameshinda. "Tulidhani ni ufundi," bosi aliniambia. "Baba yangu akanyoosha kidole kwenye televisheni akasema, tazama midomo. Wetu wote midomo ilikuwa wazi." Kanada walikuja kushinda mfululizo ule wa mechi nane, kwa bao la Paul Henderson zikiwa zimebaki sekunde 34 mjini Moscow, na bao hilo ndilo linaloimbwa. Bosi yeye hakuacha kuitazama ile midomo.

Kiangazi hicho cha 2017 Mzee alikuwa kaskazini mwa Ontario, kwenye nyumba ya mbao kando ya ziwa, na mkewe na watoto wawili. Mwezi wa Juni alikuwa anatuma picha za daftari lake kila Jumamosi, na zilinitosha: namba zilizochakaa, mistari iliyokatwa, mahali pengine ameandika "goti" akaweka alama ya kuuliza. Hiyo ndiyo sura ya kazi ya kweli. Kisha zikapita wiki tatu bila picha. Nikipiga, anapokea kwa furaha, nyuma nasikia mashua na watoto wanapiga mbizi. "Vipi mazoezi?" "Yako sawa, ndugu yangu, yako sawa."

Katikati ya Julai ikaja picha ya wiki zote tatu kwa pamoja. Niliikuza kwenye skrini. Chini ya ukurasa kulikuwa na duara la kikombe cha kahawa, kubwa, limekauka, limegusa siku zote za wiki ya mwisho. Na wino wa siku zote sita, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, ulikuwa umepita juu ya lile duara na kusambaa kidogo kwa namna moja. Kalamu moja, mwandiko mmoja, namba zote zinaishia na sifuri. Aliandika siku zote kwa mkao mmoja, mezani, baada ya kifungua kinywa.

Niliijua maana yake vizuri. Kuna utafiti wa 2001 uliofanywa kwa wachezaji wa NHL kuhusu majeraha ya kinena, nao nilikuwa nimeubandika juu ya meza yangu: waliofanya chini ya vipindi 18 vya mazoezi ya mchezo wao kiangazi walikuwa katika hatari ya kuumia kinena zaidi ya mara tatu kuliko wenzao. Nikakaa na daftari la Mzee nikahesabu vile nilivyoviamini. Nilipata 11.

Kisha nikafungua taarifa ya wiki na mbele ya jina lake nikaandika: amekamilisha.

Nimejiuliza mara nyingi mkono ule uliandikaje. Woga wa kupoteza kazi haukuwepo. Bosi angefurahi nikimwambia. Ilikuwa malezi. Mimi nimekulia nyumba ambayo mtu aliyekuzidi miaka saba humuulizi, "Ni kweli ulifanya?" Unamwamkia, unampisha kiti, na akisema yako sawa, basi yako sawa. Tena mtu aliyekununulia buti. Nilijiambia atajirekebisha mwezi wa nane. Nilijiambia anajijua, ni mtu mzima. Wiki iliyofuata nikaandika tena amekamilisha, na iliyofuata, na mkono ukazoea.

Siku ya vipimo alipanda mizani kwanza. Aprili aliondoka na kilo 98; sasa 104. Nikapiga hesabu ya gurudumu, kilo 7.8, nikafunga. Alinikonyeza. Nikahesabu tatu, mbili, moja, akaanza vizuri, na kwa sekunde saba au nane nilidhani nimemwonea bure. Ya 12 magoti yakaanza kwenda nje. Ya 18 mabega yakawa ndiyo yanayokanyaga. Vijana waliokuwa wakimshangilia walinyamaza mmoja mmoja, na zile sekunde 12 za mwisho nilisikia mnyororo tu na pumzi yake, kama msumeno kwenye ubao mbichi. Alipomaliza hakuweza kushuka. Nilimshika kifua, jasho lake likanilowesha mkono wote, akainama kwenye ndoo.

Jioni kocha mkuu alibandika matokeo ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo, majina kwa mpangilio. Mpaka leo siipendi karatasi ile. Inamwaibisha mtu mbele ya watu kwa jambo ambalo lingesemwa faraghani miezi miwili kabla, na aliyestahili kulisema nilikuwa mimi. Mzee alikuwa wa 21 kati ya 23. Alisimama mbele yake akaisoma mpaka chini, akaenda kuoga.

Bosi aliniita na daftari la kiangazi. "Humu ana vipindi 31," alisema. "Miguu yake ina vingapi?"

Sikujibu. Nilisema nitaangalia upya.

Siku ya tisa ya kambi, kwenye zoezi la kawaida kabisa, la beki kurudi kinyumenyume kisha kugeuka na kumfuata mshambuliaji, Mzee aligeuka na mguu wa kushoto ukabaki. Hakupiga kelele. Alitoa sauti fupi, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, akapiga magoti kwenye barafu. Msuli wa ndani ya paja, karibu na kinena, ulikuwa umechanika. Kijana wa miaka 20 alichukua nafasi yake, na Mzee hakucheza mpaka Novemba inaisha.

Siku ya nne baada ya hapo nilimkuta peke yake kwenye chumba cha matibabu, barafu imefungwa pajani. Akaanza yeye.

"Nilikudanganya kiangazi."

"Nilijua," nikasema.

Aliinua macho. "Tangu lini?"

Nikamwambia habari ya kikombe. Nikamwambia na wino. Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamtoka usoni.

"Kwa nini hukuniuliza?"

Nikajaribu kumweleza habari ya Tanga, ya wakubwa na wadogo. Kwa Kiingereza maneno yale yalikuwa mepesi mno, yalisikika kama visingizio, na pengine vilikuwa hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniuliza ningekasirika," alisema. "Ningekukatia simu. Halafu kesho yake asubuhi ningekwenda kukimbia."

Nilimwendea bosi jioni ile ile nikamweleza yote, pamoja na ile hesabu ya vipindi 11. Alikasirika kwa siku kadhaa. Hakunifukuza.

Usiku nilimpigia simu ami, mdogo wake baba, ambaye kwa miaka mingi alifundisha timu ya mtaani kwetu na alijua wachezaji wanavyorudi baada ya mapumziko. Kwao kulikuwa kunakucha.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamsimulia. Nilitarajia aniambie nilifanya vyema kumstahi mkubwa wangu. Alikaa kimya, nikasikia muadhini wa msikiti wa jirani.

"Mkubwa ni jaa," alisema. "Si unaijua hiyo? Jaa halikatai kutupiwa. Ungemtupia."

"Nilimheshimu, ami."

"Uliogopa asikuchukie. Hiyo ni nyingine."

Mzee alirudi uwanjani, akacheza mechi zilizobaki, nyingi kwa dakika chache. Aprili 2018 mkataba wake uliisha na klabu haikumpa mwingine. Ilimwalika kambini Septemba kwa majaribio, bila ahadi, akiwa na miaka 35. Siku anafungasha vitu vyake alikuja mezani kwangu. Alitaja Gary Roberts, mchezaji wa NHL ambaye jeraha la shingo lilimstaafisha mwaka 1996, akarudi mwaka uliofuata kwa mazoezi na chakula, na akacheza mpaka 2009 akiwa na miaka 42. Nikajua ameshaamua.

"Usinipigie Jumatatu kuniuliza nimefanya nini," alisema. "Nipigie wakati nafanya."

Tulipatana saa 12 asubuhi, siku nne kwa wiki. Simu ya kwanza ilikuwa Jumatatu, Juni 4. Nilikuwa jikoni, daftari jipya mbele yangu na kikombe nimekiweka mbali nalo. Aliiweka simu kwenye usukani wa baiskeli. Nilisikia mbwa, kisha mnyororo, kisha mvua kwenye bati la banda lake.

"Upo, kaka?" nikamuuliza.

"Nipo."

"Ya kwanza. Sekunde 30. Nisikie unavyohema."

Ya tatu sauti ilianza kukwama. Ya tano nikamuuliza kama goti linauma, akajibu neno moja, nikamuuliza tena lile lile kwa ukali zaidi, akanitukana. Nikasubiri. Mnyororo haukusimama. Zilipotimia zote nane hakuweza kusema kitu kwa muda mrefu, nami sikukata simu. Nilikaa nikiisikiliza pumzi inarudi, kwanza mdomoni, kisha puani, mpaka mvua ikasikika tena juu yake.

Nikaandika tarehe, na mbele yake: kipindi cha 1.