Picha Ilitoka, Wimbo Ukabaki

Siku chache baada ya kurekodi onyesho la taarab ya asili Mji Mkongwe, bibi mmoja alinijia akifuatana na mjukuu wake. Alikuwa amesikia kwamba video itawekwa YouTube.

"Mwanangu, mimi nilikwenda kumtunza mwimbaji, sikwenda kutazamwa na ulimwengu. Nakuomba unitoe."

Nilimwambia nitamtoa, kwani ombi lake lilikuwa haki yake. Kipande alichoonekana kilikuwa cha sekunde 8, yaani fremu (picha mojamoja za video) 200 kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde. Ningekikata na kuliziba pengo, picha zote zilizofuata zingesogea mbele ya sauti, na mdomo wa mwimbaji ungetangulia maneno yake. Ningekata na sauti, beti ingevunjika, jambo ambalo msikilizaji wa taarab hasamehe.

Kwa hiyo niliifunga njia ya sauti isiguswe, nikatafuta picha ya kamera ya pili iliyowaelekea wapigaji. Nyuma ya bega la bibi ilionekana fidla, nami nikasimamisha alama ya taimulaini, yaani mstari wa kuhariria unaopanga vipande, pale upinde ulipogeuka, kisha nikaisimamisha alama ya kipande kipya kwenye mgeuko uleule. Katika DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video niliyoitumia, kitufe cha F11 hubadilisha kipande kwa kuzilinganisha fremu hizo mbili na kuuhifadhi urefu wa kile cha zamani, mradi kipande kipya kiwe na picha za kutosha kabla na baada ya alama. Upinde ulishuka sawia na mlio wake.

Ilibaki ncha ya buibui lake mwanzoni mwa kipande kilichofuata. Hapo niliweka alama za kuanzia na kuishia, nikazifunika fremu hizo kwa F10 kwa picha ya mikono ya mpigaji wa kanuni, ile ala ya nyuzi.

Bibi alitazama hadi mwisho, akauliza kama sura yake imefutika kabisa. Nilimweleza kwamba kufunika kipande kwenye taimulaini hakuigusi faili iliyotoka kwenye kamera.

"Basi na huko pia, mwanangu."

Mbele ya mjukuu wake nilinakili sehemu zilizotumika tu, bila fremu za ziada pembeni, nikahakikisha zinacheza, kisha nikaifuta faili ya awali.