Alfajiri ya Pasaka, Lititz

Nilipokuwa nasoma Pennsylvania, Marekani, familia moja ya Wamoraviani, waumini wa kanisa la Moravian, wa Lititz ilinialika kwao sikukuu ya Pasaka. Nilikubali palepale. Mimi ni mtoto wa Rungwe, kanisa hilo ndilo lililonilea, na kwangu Pasaka bila kwenda makaburini alfajiri haijatimia.

Lititz ni mji mdogo, kama kilomita 13 kaskazini mwa Lancaster, umezungukwa na mashamba yenye udongo mzuri uliokaa juu ya mawe ya chokaa. Njiani tulipishana na magari ya farasi ya Waamish, Wakristo wasiomiliki magari ya injini. Jumamosi jioni baba mwenyeji, mzee mstaafu, alinipeleka kwanza kwenye chemchemi. Maji hutoka ardhini, huingia kwenye mfereji uliojengewa mawe pande zote mbili, kisha huteremka hadi mto Conestoga, kutoka hapo Susquehanna, mwisho ghuba ya Chesapeake. Niliyachota kwa kiganja. Yalikuwa baridi kama maji ya kwetu mlimani.

"Bila maji haya pasingekuwa na mji," mzee alisema, akaanza kunisimulia.

Mwaka 1742 Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani, alipita maeneo yale akihubiri. Mkulima mmoja, George Klein, hakutaka kabisa habari zake. Baadaye moyo ukamsumbua, akafunga safari hadi Lancaster kumsikiliza, akarudi mtu mwingine. Mwaka 1754 aliwapa Wamoraviani, waliojiita ndugu, shamba lake, eka 491.

"Shamba lote?" niliuliza.

"Lote, dada."

Nilinyamaza. Kwetu watu wa tumbo moja hupelekana barazani kwa sababu ya migomba miwili ya mpakani, kwa hiyo naijua thamani ya neno "lote". Waasisi wa miji husifiwa kwa walichojenga. Huyu nilimpenda kwa alichokiachia.

Mwaka 1756 Zinzendorf aliupa mji jina la Lititz, kwa kumbukumbu ya ngome ya Litice huko Bohemia, katika Ucheki ya leo. Kwenye ardhi ya ngome hiyo Wamoraviani wa kwanza, wafuasi wa Jan Hus, mwanamageuzi wa kanisa, walipata hifadhi mwaka 1457. Tangu hapo mji uliendeshwa na usharika. Wazee wa kanisa ndio waliosimamia nani aishi pale, na hadi miaka ya 1850 asiye Mmoraviani hakuweza kumiliki nyumba. Nakiri nisingependa kuombewa kibali cha kuishi mahali. Lakini ukitembea mtaa ule wenye nyumba za zamani, kanisa, shule ya wasichana iliyoanza 1746 na uwanja wa kijani mbele yake, unaona watu walikaa chini wakakubaliana kwanza, ndipo wakajenga. Mwaka 1888 mji ukapata rasmi halmashauri yake.

Tulipita pia kwenye jengo la mawe lililokuwa makazi ya ndugu wasiooa. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani liligeuzwa hospitali ya jeshi la Washington, na askari zaidi ya mia moja walifia pale kati ya 1777 na 1778.

Kesho yake, giza halijaisha, nilisikia matarumbeta. Machozi yalinitoka kabla sijafunga viatu. Marehemu baba alipiga tarumbeta kanisani kwetu, na sauti ile, nzito, ya pole, ni ileile. Tulitoka kanisani kwa mstari hadi Shamba la Mungu, ndivyo wanavyoyaita makaburi, yaliyo nyuma ya kanisa. Mawe yote yamelazwa chini, bapa, hakuna la kujitutumua. Watu hawakuzikwa kwa koo: wanaume mahali pao, wanawake pao, watoto pao. Tajiri amelala karibu na mfua vyuma. Kaburi moja tu limejengewa kwa ukubwa wake, la John Sutter, yule ambaye kwenye kinu chake huko California dhahabu ilionekana mwaka 1848. Alizeekea Lititz, akafa 1880, wala hakuwa Mmoraviani. Walimpa nafasi hata hivyo, na naona walifanya vyema.

Baada ya ibada tulikula mkate wa sukari na kahawa ukumbini. Mama mmoja aliniuliza kama Wamoraviani wa Tanzania ni wengi. Nilimweleza kuwa hakuna nchi yenye Wamoraviani wengi kutupita. Kwamba Theodor Meyer na wenzake walifika Rungwe mwaka 1891. Kwamba kanisa likaenea Mbeya, na Tabora kuna jimbo jingine kubwa. Wengine wakasogeza viti. Mzee akaniomba niseme kauli ya kanisa letu kwa Kiswahili.

"Mwana Kondoo wetu ameshinda, tumfuate," nikasema.

Akaniomba nirudie polepole, akatoa kalamu mfukoni na kuiandika kwenye karatasi ya ibada.