Nyimbo 14 za Februari: nilivyozimaliza nikiwa Mtwara

Tangu 2004, kila mwezi wa Februari, watunzi wa nyimbo kutoka nchi mbalimbali hujipa kazi moja: kuandika nyimbo 14 ndani ya siku 28. Changamoto hiyo aliianzisha Mmarekani Burr Settles na wenzake wachache, na inajulikana kwa kifupi cha FAWM, yaani February Album Writing Month. Mwaka ukiwa mrefu, ile siku ya 29 inadaiwa nusu wimbo. Hakuna majaji wala zawadi ya fedha. Rekodi si lazima iwe ya studio, sauti ya simu inatosha, na hata maneno matupu yasiyo na muziki yanapokelewa. Kinachotakiwa ni wimbo uwe mpya na uwe umeisha.

Hilo la kuisha ndilo lililonivuta. Mimi natunga nyimbo za harusi na za kwaya hapa Mtwara mjini. Mchana nipo kwenye steshenari maeneo ya Chikongola, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Anayeagiza wimbo wa harusi anakuja na tarehe, na tarehe ile haikuachi ulale. Nyimbo zako mwenyewe hazina wa kuzidai. Nilitaka mwezi mmoja wa kudaiwa.

Hesabu yake ni wimbo mmoja kila siku mbili. Mwanzoni unaishi kwa akiba: mambo uliyokuwa nayo kichwani, mistari iliyokaa kwenye daftari, sauti uliyojirekodi ukiwa kwenye bajaji. Akiba ikiisha ndipo kazi inaanza. Nilijua zitakuja siku ambazo kichwa hakina kitu, na siku hizo nilihitaji mahali pa kuanzia. Nilikwenda kupatafuta kwa bibi.

Bibi yangu ni wa Newala, na katika ujana wake alikuwa mwimbishaji. Nilimwuliza wimbo unaanzia wapi. Akaniambia, "Niitikie." Akaimba kipande kifupi, akanipa jibu lake, tukarudia mpaka likakaa mdomoni. Kisha akaanza kwenda anakotaka. Akaisema mvua, akamsema jirani na mbuzi wake, akanisema mimi na simu yangu, na muda wote mimi naitika maneno yale yale manne. Alipochoka akanyoosha miguu mkekani na kusema, "Mjukuu wangu, watu hawaji ngomani kukusikiliza. Wanakuja kuitika. Wape kwanza cha kuitika, halafu wewe sema yako yote."

Hayo ndiyo yaliyonivusha mwezi mzima. Wengi wetu tunatunga kuanzia ubeti wa kwanza, tunausafisha mpaka unang'aa, halafu tunakwama kwenye kiitikio kwa sababu nguvu zote zimeshaisha. Kwenye ngoma za kwetu mambo yanakwenda kinyume. Watu wa mikoa mingine wanaijua sindimba ya Wamakonde kwa viuno, lakini mimi nawaomba wasikilize namna inavyojengwa. Jibu ni fupi, halibadiliki, na mtu aliyefika sasa hivi anaweza kulishika kabla hajakaa. Mwimbishaji ndiye mwenye uhuru. Jibu likishakaa vizuri, beti zinakuja zenyewe, kwa sababu kila ubeti una mahali pa kurudi. Tangu siku ile sikuandika ubeti hata mmoja kabla sijawa na maneno ambayo mtoto wa jirani angeweza kuniitikia akiwa nje anachota maji.

Niseme jambo moja hapa kwa sababu lina uzito kwangu. Nilimwomba bibi baadhi ya nyimbo za unyago, akakataa. "Zile si za kupeleka kwenye simu," alisema, na hakurudia. Alikuwa sahihi. Nyimbo zile zina mahali pake na watu wake, na nimesikitika mara nyingi kusikia vipande vyake vikipigwa kwenye spika za mnadani bila hata mtu kuuliza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 nayo inalinda sanaa za jadi, si kazi za wasanii wa studio peke yao. Mimi nilichukua umbo: mmoja anaita, wengi wanajibu. Umbo hilo ni la kila mtu. Maneno na sauti nikatafuta vyangu.

Jambo la pili lililonisaidia ni mizani. Nilikulia kwenye mashairi ya shule, kipande cha mizani nane na kipande kingine cha nane, vina kati na vina mwishoni, na nimewasikia vijana wakisema huo ni ushamba. Wajaribu kuandika wimbo saa nne usiku baada ya siku nzima kwenye mashine ya kopi. Ukiwa na mizani nane mkononi, sauti inaanza kujitokeza kabla hujaitafuta, kwa sababu idadi ya silabi tayari imekuchagulia mwendo. Wimbo si shairi la gazetini, kwa hiyo kina cha kati nilikiacha kila kilipotaka kunipindishia maana. Mizani sikuiacha. Nilihesabu kwa vidole, mstari kwa mstari.

Halafu kuna mkazo, na hapa nilijifunza zaidi kuliko popote. Kiswahili mkazo wake unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kijana anayenitengenezea biti, ana studio ya chumba kimoja Magomeni ya hapa Mtwara, alikuwa akinipa biti zinazofunga mstari kwa pigo moja zito, na mstari unaishia papo hapo. Biti za namna hiyo zinapendeza kwa lugha ambazo maneno yake huishia na kishindo. Neno kama "kivuko" ukilifunga hivyo, uzito wote unaangukia "ko", na sikio la Mswahili linajua mara moja kwamba neno limepindwa. Nikamwambia "vu" ndiyo ikae juu ya pigo, "ko" ianguke baada yake.

"Dada, lakini biti yangu inaishia hapa," akasema.

"Iache iishie hapo. Mimi nitaishia mbele kidogo."

Tukajaribu. Alisikiliza kwa makini, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha yeye mwenyewe akatoa pigo lile zito, akaweka ngoma mbili zinazokwenda tatu-tatu, na besi akaichelewesha kidogo iangukie pale neno linapolegea. Wimbo ukakaa. Kuanzia hapo alikuwa ananiomba niimbe kwanza bila chochote, nipige makofi tu, naye anajenga biti kufuata maneno. Nashauri kila anayetunga kwa Kiswahili afanye hivyo. Maneno yetu yana mapigo yake tayari, na biti ije kuyabeba.

Wimbo ninaoupenda kuliko yote 14 ulitoka kwenye mzunguko wa saa moja. Ni mchezo uliomo ndani ya changamoto: mtu anatoa neno au wazo, kila anayetaka anaandika wimbo hapo hapo, na saa ikiisha unaonyesha ulichonacho. Usiku ule wazo lilikuwa kungoja. Nilimkumbuka mjomba wangu, aliyekuwa utingo wa lori lililopeleka korosho Dar es Salaam. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, safari ya Kusini ilipita kwenye kivuko cha Ndundu, Mto Rufiji, na mvua zikikolea watu walikuwa wanalala pale. Nimekua nikisikia jina la Ndundu kabla sijajua liko wapi. Kiitikio kilikuja kwanza, kama bibi alivyofundisha:

Subiri, kivuko chaja.

Mizani nane, na mkazo wa mwisho uko kwenye "cha", pale pale pigo linapotakiwa. Ubeti ukafuata:

Magari yamejipanga, dereva kalala chini,
Abiria wanachonga, maji yajaa bondeni.

Kwa saa moja huwezi kutafuta neno zuri kuliko lile la kweli. Unaandika gari, dereva, maji, watu wanapiga soga, na ukitazama unakuta hayo ndiyo yaliyokuwa yanatakiwa. Ningepewa wiki nzima ningeingiza machozi ya ukombozi na jua la matumaini, na mjomba asingejiona humo hata kidogo.

Upande wa kurekodi sitasema mengi. Februari kwetu ni joto na mvua pamoja, na nyumba yangu ni ya bati. Mvua ikianza, simu inasikia bati tu. Nikapanga kazi kwa kuifuata mvua: ikinyesha naandika maneno, ikikatika narekodi. Rekodi nyingi nilizifanya usiku sana, bodaboda zikishapungua, nimejifunika blanketi kichwani ili sauti isirudi kutoka ukutani. Jasho linatoka la kutosha. Sauti ya usiku inakuwa nzito, kwa hiyo wimbo ulioutunga mchana ushushe kidogo kabla hujaurekodi, la sivyo utaukamia pale juu.

Kuna nyimbo katika zile 14 ambazo sitaziimba tena mbele ya watu. Mmoja wa mnada wa korosho una habari nyingi, bei ya kilo, ghala, foleni ya malipo, na hauna mtu ndani yake. Sijuti kuumaliza. Ubeti wake wa tatu una mstari mmoja juu ya mama anayepiga hesabu ya ada kwenye kiganja kwa kalamu, na mstari huo nilikuja kuutumia kwenye wimbo mwingine mzuri zaidi. Ningeuacha njiani, mstari ule usingezaliwa. Hii ndiyo faida ya kumaliza ninayoweza kuionyesha kwa kidole.

Sehemu kubwa ya changamoto ni kusikilizana. Ukitoa wimbo, wenzako wanausikiliza na kukuandikia neno, na wewe unafanya hivyo kwa wengine. Nilidhani kwa wasiojua Kiswahili nyimbo zangu zingepita tu. Kilichotokea ni kwamba wale wale wasioelewa neno lolote waliniambia hasa kile nilichotaka kujua: wapi walianza kuitika bila kujijua, na wapi walichoka. Msikilizaji anayeelewa maneno anakusamehe mengi kwa sababu ya maana. Asiyeelewa ana muziki peke yake. Kwa maana nilimtegemea rafiki yangu wa Lindi, ambaye hana huruma na mstari mlegevu. Nilimtumia kila wimbo, naye alijibu kwa sauti fupi: "Huu ubeti wa pili unarudia wa kwanza, dada. Toa mmoja." Alikuwa na haki kila mara isipokuwa mara moja, na ile moja bado tunabishana. Mwandishi wa nyimbo anayetegemea masikio yake tu anajinyima kitu kikubwa sana.

Nilichelewa siku za katikati ya mwezi, nikazifidia mwishoni, nikafika 14. Baadaye nilizichapa zote pale pale dukani, kila wimbo na tarehe yake, nikatenga zile ninazotaka kuzisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Nawaomba watunzi wenzangu wa Kusini wawe na tabia hiyo ya kuandika tarehe na kutunza ile rekodi ya kwanza kabisa, hata ikiwa ya simu yenye sauti ya jogoo.

Wimbo wa Ndundu niliuimba kwenye harusi ya ndugu Mikindani, bila biti, kwa ngoma na makofi. Kiitikio kilishikwa na watu kabla sijamaliza ubeti wa kwanza, akina mama wakawa wanaitika huku wanapakua pilau. Mjomba alikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniita pembeni.

"Mpwa wangu, umeimba vizuri. Ila mbona umewaacha akina mama wa chai? Usiku ule pale mtoni, bila wao tungekaaje?"

Akanieleza walivyokuwa wakipita katikati ya magari na birika, jinsi dereva aliyelala chini ya lori alivyokuwa akiamka kwa harufu ya tangawizi kabla hajaitwa. Nikaandika mgongoni mwa kadi ya mwaliko:

Mama wa chai apita, birika li mkononi,
Chai ya moto yavuta, hata walio garini.

Kijana wa Magomeni ameshaupata ubeti huo. Tunaurekodi wimbo upya, na safari hii mjomba ndiye kiongozi wa waitikiaji.